Daraja la Mama Mkwe

Wifi yangu anatengeneza gemu peke yake, kwenye meza yetu ya kulia chakula. Ndani yake kijitu chenye taa kichwani kinavuka msitu wa mawe yanayoelea, kikiruka mashimo na kufumbua mafumbo ya milango. Kila sehemu mpya tunaijaribu sisi wa nyumbani, na tukikwama yeye huikalia mikono yake asije akatuonyesha njia. "Mimi simo," husema, na macho yake hayaangalii skrini kabisa. Yanaangalia vidole vyetu.

Siku mama mkwe alipojaribu, vidole vyake vinavyotetemeka kwa maradhi vilibonyeza ovyo, na kijitu kikawa kinatumbukia tu. "Mikono hii imeshaniaga," alisema, akasukuma kibodi pembeni. Baadaye wifi akatuletea sehemu mpya yenye daraja linalotikisika, ambalo halivukiki mpaka kidole kibonyeze kikitetemeka pamoja nalo. Mume wangu akaanguka. Mimi nikaanguka, nikalitukana. Mama, baada ya kubembelezwa sana, akaweka vidole, vikatetemeka, na kijitu kikavuka kama kiko sebuleni kwake. "Nyie mnaangukaje hapa?" akatuuliza. Nikamgeukia wifi: bado ameikalia mikono, anaangalia vidole vya mama yake.