Mama Trei na roboti tano zinazogeuka mzinga

Saa kumi na moja alfajiri, taa za ukumbi wa kiwanja cha ndege zinawaka moja baada ya nyingine, na mkanda wa mashine ya eksirei unaanza kusogea ukiwa hauna kitu. Mwanamke mwenye sare ya buluu na raba nyeupe anapangusa trei za plastiki kwa kitambaa chenye unyevu. Anazipanga hadi zinamfika kifuani, kisha anazivuta mpaka mwanzo wa foleni.

"Mikanda, funguo, simu, vyote ndani ya trei," anatangaza. "Baba, na kofia pia. Mimi nimeshaipenda, sasa mashine nayo inataka kuiona."

Foleni inacheka. Mwenye kofia anaivua bila kinyongo.

Hapa kazini anaitwa Mama Trei, na jina lenyewe bado ni bichi. Hadi mwaka jana alikuwa hashiki trei. Alikaa kwenye kiti kirefu nyuma ya skrini, akisoma picha za mabegi ya watu, kazi aliyoifanya kwa miaka sita. Kabla ya hapo alikuwa akifagia ukumbi huuhuu, na jioni akienda darasani na wanafunzi walio sawa na watoto wake, mpaka akapata cheti kilichomtoa kwenye ufagio.

Kilichomshusha kwenye kile kiti si dawa za kulevya wala kisu. Ni vidoli.

Asubuhi hiyo ilipita familia ya watu watano. Katika kila begi lao, skrini ilionyesha roboti moja ndogo ya kuchezea. Ziko za aina hiyo nyingi siku hizi: moja ukiikunja inakuwa greda, nyingine treni, nyingine gari la zimamoto.

"Begi la kwanza roboti, la pili roboti, mpaka la tano," anakumbuka. "Nikatabasamu. Nikasema moyoni, hawa wamegawana bila kugombana, Mungu awabariki."

Asichokijua wakati huo ni kwamba roboti hizo zilitengenezwa ziungane. Watoto walipofika kwenye viti vya kusubiri ndege, walizikusanya zote. Moja ikakunja miguu, nyingine ikaficha kichwa, zikashikana, zikawa mzinga mmoja wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Ulikuwa na mtutu, taa nyekundu na mlio wa kutetemesha.

Abiria mmoja aliyekuwa amesinzia alifumbua macho akakutana na mtutu. Akapiga ukelele. Watu wakakimbia, viti vikapinduka, na ndege ikachelewa hadi jua la utosi.

Mama Trei anaweza kuisimulia sehemu hiyo akicheka. Hacheki anapofika kwa mzee aliyeanguka.

"Mzee mmoja aliteguka kifundo cha mkono," anasema, na sauti inashuka. "Hapo si mzaha tena. Mkono wa mtu umevimba kwa sababu mimi nilitabasamu badala ya kufikiri."

Kabla ya kikao cha kumhoji, baadhi ya wenzake walimshauri aseme picha zilikuwa na ukungu. Mashine ni ya zamani, nani angebisha?

"Niliulizwa kama niliziona, nikajibu niliziona zote tano. Ningesemaje? Macho haya nimepewa na Mungu, niyasingizie upofu?"

Akaondolewa kwenye skrini siku hiyohiyo. Pamoja na kiti ilikwenda posho ya wasoma picha, ambayo ilikuwa karibu theluthi ya kipato chake, wakati binti yake akiwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mumewe, fundi bomba, sasa anafanya kazi hata siku za mapumziko. Hakosi la kusema.

"Wenzangu wake zao wamewahi kugombana na mabosi," anatania. "Wangu mimi kaangushwa na midoli!"

Kanuni inampa mkaguzi aliyeshushwa nafasi ya kurudia mtihani wa skrini mara moja tu. Akishindwa, anabaki na trei hadi mkataba wake uishe. Siku mwandishi wa makala haya alipomtembelea ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wenyewe, saa nane mchana.

"Nimeomba, nimesoma, nimeomba tena," anasema akipanga trei. "Kilichobaki si changu."

Foleni ya asubuhi ilikuwa imenyooka vizuri alipofika bibi mmoja, binti yake, na mjukuu wa kike mwenye pengo la meno ya mbele. Mtoto alikuwa ameshika helikopta ndogo ya plastiki. Mama Trei akaitazama, kisha akatazama trei ya bibi. Kando ya miwani kulikuwa na treni ndogo, ya plastiki ileile.

Kwenye skrini alikaa kijana ambaye wenzake wanamwita Chapchap, kwa sababu foleni yake hailali. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kupitisha.

"Chapchap, mwanangu, subiri kidogo," akasema Mama Trei.

"Mama, begi ni safi."

"Begi ni safi, ndiyo. Nisubiri."

"Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," kijana akanong'ona. "Mkuu wa zamu yuko pale kwenye chumba cha kioo, na leo una mtihani. Waache watu wapite."

Maneno hayo yalikuwa na ukweli. Kusoma mabegi hakukuwa tena kazi yake, na kusimamisha mkanda kwa ajili ya treni ya mtoto kungeonekana woga wa mtu asiyefaa tena kukaa kwenye skrini. Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Mwanangu, huyu ana ndugu?"

"Wako watano," mtoto akajibu kwa fahari. "Mmoja yuko kwa bibi, mmoja kwa mama, wawili wamo begini mwangu."

"Na wakikutana wanafanya nini?"

"Wanakuwa mzinga!"

Foleni nzima ikamgeukia mtoto. Bibi akashika kiuno. "Mzinga? Na mimi nilijua nimebebeshwa kigari cha mtoto!"

Mkanda ukasimamishwa. Msimamizi wa zamu akatoka kwenye chumba chake cha kioo, akasikiliza, kisha akageukia pipa la vitu vilivyokatazwa. Kidoli kinachogeuka silaha hakiingii kwenye ndege, na kwa kawaida safari yake huishia pipani. Mtoto aliyafuata macho yake mpaka kwenye pipa, akaibana helikopta yake kifuani.

"Mkuu, samahani," akasema Mama Trei. "Kinachokatazwa ni mzinga. Mtoto, nani kati yao asipokuwepo hawawi mzinga?"

Mtoto akafikiri. "Gari la zimamoto. Ndiye mwenye pa kufyatulia."

Msimamizi akataka kuhakikisha. Akachukua zile nne zilizobaki, akazikunja, akazibana kwa vidole vyake vinene. Zikaachana mkononi mwake na kutawanyika kwenye trei. Akajaribu tena, zikatawanyika tena.

"Umoja ni nguvu, Mkuu," abiria mmoja akasema, na kicheko kikarudi kwenye foleni.

Ikaamuliwa gari la zimamoto lirudishwe kwenye dirisha la mizigo, likafungwe kwenye mfuko wenye lebo, lisafiri chini pamoja na masanduku. Ndugu zake wanne wangepanda juu na mtoto. Lakini mtoto hakuliachia.

"Atakuwa peke yake gizani."

"Kule kuna masanduku ya watu wote, na hayana mlinzi," Mama Trei akamwambia.

Mtoto akalitazama gari lake, kisha akalikabidhi kwa mikono miwili.

"Basi mwambieni asilale."

Saa nane mchana Mama Trei alisimama mlangoni pa chumba cha mtihani, akafumba macho, midomo ikacheza bila sauti, akaingia. Alikuwa wa mwisho kutoka. Msimamizi alieleza baadaye kwamba kila alipoonyeshwa begi jipya, aliomba kurudishiwa picha ya lililotangulia. Hilo lilimla muda na kumpunguzia alama.

Hata hivyo amefaulu, kwa alama za chupuchupu. Jumatatu anarudi kwenye kiti.

Alipopewa habari alikaa kwenye rundo la trei na kujifunika uso kwa kile kitambaa cha kupangusia. Kisha akamwomba msimamizi jambo moja: kila msoma picha afanye kazi ya trei walau wiki moja. Ombi likakubaliwa, na wa kwanza kupangwa ni Chapchap, kwenye foleni atakayoisoma Mama Trei.

"Mama, mimi trei sizijui," kijana alilalamika. "Nitakusaidiaje?"

"Mimi nikikaa pale kwenye skrini naona mifupa ya begi tu, mwanangu," akamjibu. "Wewe uniangalizie nani kamshika nani mkono."