Chemchemi Zilizopanda Vilima

Siku ya kwanza ya mafunzo pale Rulenge niliishika ile simu kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga wa watu. Mwalimu wetu, kijana aliyetoka mjini, alisema programu ya ramani haina ugumu: unafungua dodoso, unabonyeza alama ya mahali, unasubiri setilaiti mpaka kosa libaki mita chache, unajibu maswali, unapiga picha, unahifadhi. Mimi na mdomo wangu nikamwambia hata kusonga ugali kuna kazi zaidi.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi walipoanza kuvuka mpaka tena kwa wingi. Shirika lililowahudumia lilitaka kujengea chemchemi za vijiji vyetu pia, maana watu walikuwa wameongezeka na maji yalikuwa yale yale. Kazi yetu ilikuwa kuziweka kwenye ramani. Nilipangwa pamoja na mkimbizi mmoja, fundi cherehani huko kwao, mtu mpole anayecheka kwa mabega. Kirundi chake na Kihangaza changu vilielewana bila mkalimani.

Nami nilikuwa na langu moyoni. Chemchemi ya mama yangu, kule Mabawe, ilikuwa bondeni, ng'ombe na watu wakiichangia, na mvua zilizopita mama aliteleza na ndoo yake akavunjika mkono. Ukapona umepinda. Niliapa kwamba hiyo lazima ijengwe.

Tukaanza kuzunguka. Sasa, kwetu humuulizi mtu maswali umesimama, wewe si polisi. Unapiga hodi, unaketi, unaletewa pombe ya ndizi, mnajuliana hali, ndipo unasema kilichokuleta. Tulifanya hivyo kila nyumba. Tukiwa tumeketi tunafungua dodoso. Swali la kwanza ni mahali, tunabonyeza. Tukimaliza maswali, mwenyeji anatupeleka bondeni tukapige picha. Nilijiona mtaalamu kabisa.

Wiki iliyofuata fundi wa maji alikuja kuzikagua. Ramani yetu ikamfikisha Bukiriro, uani kwa mzee mmoja, akauliza chemchemi iko wapi. Mzee akatazama huku na huku, mwishowe akamkaribisha kigoda.

Tukaitwa. Ramani ilikuwa imetandazwa mezani, na maji yote tuliyoyapima yalikuwa yamepanda vilima yakaketi migombani kwa watu. Simu ilikuwa imeandika pale tulipobonyeza, basi. Mabega ya mwenzangu yakaanza kutikisika, nami nikashindwa kujizuia, hata yule fundi wa maji akacheka. Kisha akasema lisilochekesha: ramani inaondoka Ijumaa, na chemchemi isiyokuwa mahali pake itafutwa, haitajengwa. Niliukumbuka mkono wa mama, kicheko kikakauka.

Tukarudia zote mbio mbio. Mabawe, ambako zamu yetu ilikuwa haijafika, tulifika Alhamisi alasiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni, ketini."

"Hatuketi, mama. Tunaanzia chemchemini."

Akanitazama, akamtazama mwenzangu. "Unamleta mgeni nyumbani kwangu halafu unampitisha kama mbuzi wa mnadani? Nani alikulea wewe?"

"Mama, hii simu inataka..."

"Simu ndiyo iliyokuzaa?"

Hasira zangu nimezirithi kwake, kwa hiyo nilishuka bila kuaga. Mwenzangu alinifuata huku akigeuka kumwomba mama radhi kwa Kirundi.

Bondeni tulisimama kwenye tope. Miti ilikuwa imefunika anga, na simu ikasema kosa ni mita hamsini, likashuka hadi thelathini, likapanda tena. Niliitikisa, nikaitukana. Mwenzangu akaniambia taratibu tu, tusubiri. Ndipo tukasikia mtu anashuka.

Alikuwa mama. Kigoda kichwani, kibuyu cha pombe kwenye mkono mzima, katika njia ile ile iliyomvunja. Nilimkimbilia, akanipita. Akakita kigoda ukingoni mwa tope.

"Mgeni aketi," alisema.

Mgeni akaketi, akapokea kibuyu, akanywa. Mama akamuuliza kwao wanachota maji wapi, naye akamweleza kilima na bonde, mpaka nikaona macho ya mwenzangu yamelowa. Nilipoitazama simu, kosa lilikuwa limeshuka hadi mita tatu. Nikabonyeza.

"Haya," mama akaniambia, "sasa uliza maswali yako."

Chemchemi ikajengwa, ina bomba na ngazi za saruji, na mama anashuka bila kushika miti. Mwenzangu baadaye alirudi Burundi pamoja na wenzake.

Kigoda hakijarudi nyumbani. Kiko pale kando ya bomba, na ole wako ukikigusa. Nilimwambia mama kitaoza kwa mvua, akanishangaa mimi niliyesomea mambo haya. Mgeni wake akirudi, alisema, atafuata ramani, na ramani itamleta pale.