Moto Uliokwenda kwa Miguu

Saa kumi na dakika ishirini jioni, hapa Mshangano, nilikuwa nasoma riwaya kuhusu familia ya Kipalestina iliyofukuzwa kwao. Nilifika pale mama anapofagia nyumba anayolazimishwa kuihama. Jirani akawasha kuni za miyombo, moshi ukaingia dirishani. Nikafunga kitabu; moshi ule ulinirudisha utotoni.

Siku tuliyohamishwa kijijini kupisha shamba la tajiri, bibi yangu alichota makaa jikoni kwake, akayafukia kwa majivu ndani ya chungu. Tangu aolewe hakuwahi kuuacha moto ule uzimike.

"Bibi, moto haupandi lori," dereva wa lori lililotumwa kutuhamisha alisema. "Kwani huko hakuna viberiti?"

"Basi nenda na lori lako. Mimi na mjukuu wangu tuna miguu."

Tulitembea kutwa. Kila tulipomaliza mlima alifunua majivu kwa kijiti, akapuliza, akafukia tena. Tulipofika makazi mapya, chungu kilikuwa kimepoa na majivu hayakuonyesha kitu. Alipiga magoti, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Nilikuwa nimeshaanza kulia nilipoona nukta moja nyekundu.

Moto ulipokolea, majirani zetu waliotangulia na lori walikuja mmoja mmoja, wameshika vigae vya kubebea makaa.

"Shikamoo bibi. Tugawie na sisi."

Bibi alimpa kila mmoja kaa moja, na maneno yaleyale:

"Usiuache uzimike. Huu ni moto wa kwetu, na kwetu utarudi."