Mlevi Asiyewahi Kunywa

Mume wangu hajawahi kuonja pombe. Hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza, na akishuku ina kileo, huirudisha kabatini na kukohoa mpaka kikohozi kichoke chenyewe. Ndiyo maana nilicheka hadi nikashika ukuta siku ya kwanza nilipomkuta koridoni, nyumbani kwetu Uthiru, akipepesuka huku na huku, vidole vimekunjwa kana kwamba ameshika kikombe, macho yamelegea, shingo utadhani haina mfupa. Aliponiona alisimama wima na kuniambia kwamba hiyo ni kung fu ya mlevi, aliyofunzwa na mwalimu wake mjini, na kwamba aliyeibuni alikuwa na akili kuliko sisi wawili tukijumlishwa.

"Na inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Inafanya kazi sana. Adui anafikiria unaanguka, kumbe wewe ndio unamkujia."

Mimi nimezaliwa Dagoretti na walevi nawajua. Nimewaona wakishindwa na kufuli, nimewaona wakishindwa na mtaro ulio wazi mchana kweupe. Mlevi wa kweli hapigani na mtu, anapigana na ardhi, na ardhi humshinda kila siku. Nilimwambia hivyo bila kumung'unya maneno, naye akanijibu kwamba ulevi wenyewe ni wa kuigiza, kichwa kinabaki kizima. Kwa miaka mingi tuliyala mabishano hayo pamoja na chakula cha jioni. Yeye ni fundi wa lifti mjini. Wiki nzima hushinda ndani ya mashimo ya majengo, mikono imejaa grisi, akiwapandisha na kuwashusha watu wasiomwona. Siku yake ya kuonekana ilikuwa Jumamosi, alipofunza watoto na vijana kung fu katika ukumbi wa kanisa letu. Ukimnyang'anya Jumamosi, umemnyang'anya nusu ya mwili.

Karibu anyang'anywe. Mmoja wa wanafunzi wake aliamua kuonyesha ujuzi nyumbani kwao wakati wa maombi ya familia, akapepesuka mbele ya nyanya yake, na nyanya akalia akidhani mjukuu ameharibika. Kanisa letu ni la watu wasiokunywa. Wengi wetu hatukulichagua kwa sababu ya nyimbo. Tulilikimbilia kwa sababu ya chupa ya mtu fulani nyumbani. Kwa hiyo malalamiko hayo hayakuwa mzaha. Wazee wa kanisa walikaa kikao, wakamwita, na aliporudi alikuwa amesawijika.

"Wanasema nafunza watoto ulevi," akaniambia. "Wanataka kufunga klasi."

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia ni ya kujikinga. Halafu mmoja akasema, kama ni ya kujikinga, basi jikinge tukiona."

Aliyesema hivyo alikuwa mhudumu wa mlangoni, mtu wa mabega mapana anayebeba nyama kichinjioni Dagoretti, na ambaye ujanani alicheza ndondi. Si mtu mbaya. Kila Jumapili husimama kwenye ngazi za kanisa, ambazo mvua ikinyesha huwa telezi kama sabuni, akiwashika wazee mikono mmoja baada ya mwingine mpaka wote waingie. Uamuzi ukawa kwamba Jumamosi inayofuata wawili hao wapimane mbele ya wazee na wazazi. Ikionekana kung fu ile inamkinga mtu, darasa libaki. Ikionekana ni kuiga walevi tu, ufunguo wa ukumbi urudi kwa mchungaji.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa ametoka kwao magharibi kuja kufanyiwa upasuaji wa macho. Mimi hufanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja Hurlingham, na kliniki ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo nilimpeleka na kumrudisha mimi mwenyewe. Kwa desturi yao mzazi hawezi kulala katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tulimtafutia chumba kwa jirani wa ghorofa ya chini, akawa analala huko na kushinda kwetu. Kwa hiyo mazoezi ya alfajiri ya mwanawe hakuwahi kuyaona, na hata angekuwepo asingeona kitu, maana mtoto wa jicho alikuwa amemfunika kiasi cha kunitambua kwa sauti tu. Bandeji ilipotolewa alinikazia macho kwa muda mrefu.

"Kumbe uko na mwanya," akasema. "Hakuna mtu aliniambia."

Tulicheka njia nzima. Baba mkwe sikumkuta. Niliambiwa tu kwamba alikuwa akinywa na kwamba alikufa mapema, na kwa kuwa mume wangu hakuongeza neno, mimi nami sikuchimba. Nilimwomba Mama aje Jumamosi ile kwa sababu nilitaka macho yake mapya yaone jambo zuri, kijana wake akiwa mbele ya watu.

Viti vya plastiki vilipangwa kandokando ya kuta. Mama nilimkalisha safu ya mbele, leso yake magotini, nami nikakaa safu ya nyuma yake pamoja na wazazi. Mchungaji alifungua kwa sala, ingawa niliona akitafuta maneno, kwani sijui ni sala gani ya kubariki ngumi.

Mume wangu alianza kwa madaha, kikombe mkononi, shingo imelegea, mguu huku, mguu kule. Watoto wakashangilia. Ngumi ya kwanza ya yule mhudumu ikampata sikioni. Niliisikia, na nilishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa ndogo, kama kitabu kilichoanguka.

"Pole, ndugu," mhudumu akasema, kisha akampiga tena, mdomoni.

Damu ikatoka. Nikiri kwamba nilikuwa nimetamani ashindwe kidogo, kiasi tu cha kunipa ushindi mezani, lakini si kwa damu. Zile hatua nzuri za koridoni hazikumfaa kitu. Mtu anayejua kupiga hashughuliki na unavyoyumba, anatazama tu mwili wako uko wapi, na mwili wa mume wangu ulikuwa pale pale mbele yake. Akapigwa tena, akapiga goti. Mchungaji akauliza kama yatosha, naye akatikisa kichwa kukataa.

Aliposimama, kitu kilikuwa kimebadilika. Kile kikombe cha hewani kilitoweka. Mkono wa kushoto ulishuka kiunoni ukashika suruali, kama mtu aliyekatikiwa na mkanda. Bega moja likainama. Akaanza kuvumisha wimbo wa kanisani kupitia puani, polepole, akirudia mstari mmoja tu. Watoto waliacha kucheka. Hata mimi, ninayelala naye, sikumtambua. Kisha akaanguka, na kuanguka kwenyewe hakukuwa kwa kung fu, alikuwa anakwenda uso mbele kwenye saruji, na yule mhudumu akafanya lile analolifanya kila Jumapili. Alifungua ngumi zake, akanyoosha mikono yote miwili amdake.

Kiwiko cha mume wangu kilimkuta chini ya kidevu. Likaanguka jitu zima.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mhudumu akaketi, akajipapasa taya, akacheka kwa mshangao. Mchungaji, aliyefurahi kwamba hakuna aliyevunjika, akainua mkono. "Basi, wapendwa, tumejionea. Hii kitu inafanya kazi."

Niligeuka kumwangalia Mama anavyofurahi. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nilimwona katika kona, nyuma ya rundo la viti visivyotumika, ameketi sakafuni, magoti kifuani, mkono mmoja umekunjwa mbele ya uso. Daktari alikuwa amemkataza hata kuinama. Nimeona watu wakiogopa, lakini sikuwahi kumwona mtu mzima, mwenye wajukuu, amejikunja namna ile katikati ya makofi.

Mume wangu alimwona pia. Akaja mbio, akachutama. "Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe." Mkono haukushuka. "Hiyo ulijifunza wapi?"

"Ni kung fu tu, Mama. Mwalimu yetu wa huko tao ndiye..."

"Hapana. Hiyo ya kushika suruali. Hiyo wimbo."

Mume wangu akatazama kiuno chake. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umeshika suruali. Aliuachilia haraka kama aliyeshika sufuria ya moto.

Mchungaji alikuwa amefika, akamwambia Mama asiogope, hayo yalikuwa mazoezi. Ndipo Mama alipoushusha mkono. Sikuwahi kumsikia akiongea kwa utulivu kama ule.

"Mchungaji, mnauliza kama inafanya kazi. Inafanya. Mimi nimepigwa nayo. Baba yake alikuwa anaingia hivyo, ameshika suruali, anaimba wimbo ya Mungu. Halafu anaanguka. Wewe ni bibi yake, unanyoosha mikono bwana yako asiumie. Hapo ndio anakupiga. Na kesho akianguka, unanyoosha tena."

Ukumbi mzima ulisikia. Yule mhudumu alitazama mikono yake mwenyewe, kisha akaiweka mfukoni.

"Mama," mume wangu akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto, "mimi nilikuwa nimelala. Si ulikuwa unaniambia nilale?"

"Ulikuwa unalala," Mama akamjibu. "Lakini macho yako ilikuwa wazi."

Wazee wa kanisa walitimiza ahadi yao. Ufunguo ulibaki kwetu, na hakuna aliyetaja tena habari ya ulevi. Lakini jioni hiyo mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mguuni, nyingine mkononi, asiweze kuendelea. Aliniambia kwamba mwalimu wake humsifu siku zote, humwambia mlevi wake ni wa kweli kuliko wa wanafunzi wengine, naye alikuwa akiona fahari. "Sikukumbuka," akasema. "Haki sikukumbuka." Nilimwamini, na bado nilikuwa nimeshtuka kiasi kwamba nililala nimeutazama ule mkono wake wa kushoto. Watu hupenda kusema maji hufuata mkondo. Msemo huo ulinijia, na sikutaka mtu yeyote aniambie.

Mabishano yetu ya mezani yaliishia hapo, na wote wawili tulikuwa tumekosea. Dhidi ya mtu aliyekuja kumpiga, kung fu ya mlevi haikumsaidia hata kidogo. Ilimsaidia dhidi ya mtu aliyekuja kumshika.

Aliendelea kuwafunza watoto, ila mtindo ule aliuacha. Koridoni sikumkuta tena.

Siku moja kabla ya Mama kurudi kwao, kulinyesha. Mama alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango akichambua majani ya sukuma, nami nilikuwa nimemaliza kupiga deki. Mume wangu akaingia kutoka kazini, amekumbatia mfuko wa viazi, viatu vimelowa. Akateleza. Niliuona mguu ukimtoka, nikamwona akija mbele, uso kwanza, na nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa.

Mikono yangu haikutoka. Iliganda kifuani, imefumbwa, na nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga friji. Mwanamume huyu hajawahi hata kunipandishia sauti.

Aliyemdaka ni Mama. Sukuma zilimwagika, stuli ikapinduka, na alikuwa ameshamfikia, mikono yote miwili imenyooka, yale macho mapya yamemkodolea. Uzito ulimzidi. Wote wawili wakashuka magoti kwenye sakafu yenye maji, kichwa cha mume wangu begani mwake.

"Shika mimi," Mama akamwambia. "Shika vizuri."

Mume wangu akamshika, kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Viazi vilikuwa vimetawanyika hadi chini ya meza. Niliondoka kwenye friji, nikapiga magoti, nikaanza kuviokota.