Katikati ya Daira

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Moroni enzi mamluki wa kigeni walipovitawala visiwa vyetu, koti jeupe lilinipwaya. Daktari Mkuu wa masikio alinitazama juu chini akasema, "Mimi napasua, wewe unawafundisha kusimama. Anza na Fundi."

Fundi Saandi alikuwa mwalimu wa Kurani, ndiyo maana ya fundi kwetu, kutoka Mutsamudu, kisiwa kingine. Usaha ulikuwa umemharibia mizani ya ndani ya sikio, ile inayouambia mwili juu ni wapi na chini ni wapi. Upasuaji ulifaulu, ila akisimama dunia ilimzunguka. Alipotoka hospitalini akipepesuka, askari wa mamluki walimsimamisha kizuizini wakamnusa mdomo mbele za watu.

"Nimeitwa mlevi," aliniambia akilia, alipokuja kuniaga arudi kwao. "Nitaongozaje daira tena?"

Katika daira wanaume husimama duara, bega kwa bega, wakiinama na kuinuka kwa dhikri. Kiongozi huwa katikati peke yake, akigeuka kuwatazama wote. Hana wa kumshika.

Nilipohamishiwa Mutsamudu nilimkuta nyumbani kwake, amelala kitandani, mito kila upande. Mkewe, Bi Zalihata, alikataza hata kumwita ghafla asije akageuza shingo. Nilikasirika. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe! Ubongo hujifunza mizani upya kwa kusumbuliwa, si kwa kubembelezwa.

"Unamtesa mume wangu," alinikaripia.

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Nilimwona Fundi akisali ameketi. Kwenye salamu ya kumaliza sala aligeuza macho tu, shingo imekakamaa. Basi tukafanya mwendo huohuo nje ya sala: kichwa kulia, kichwa kushoto, macho yameng'ang'ania msumari ukutani. Alitapika, akanigombeza, akarudia. Kisha tukafanya tumesimama, kisha tukitembea uani.

Alipopata nafuu nilimrudisha kwenye daira, ndani ya duara. Mabega mawili yalimbana, na hakuna aliyejua kuwa anashikwa. Kifaa bora kuliko hicho sijakiona hadi leo.

Ijumaa moja alitoka mwenyewe, akasimama katikati. Akageuka, akayumba. Nilitaka kuruka nimshike.

"Mwache!" Bi Zalihata alinipigia kelele, amesimama mlangoni kwa jirani akiitazama daira.

Akasimama imara, akaendelea kugeuka. Nililia bila haya.

Sasa nimestaafu, na miguu yangu imeanza kunisaliti. Vijana wa kazi hii, msiwaonee wagonjwa huruma ya mito. Kwenye daira bado nakwenda. Mabega mawili hunibana, na katikati, peke yake, Fundi mzee anageuka.