Namba Nzuri ya Zaina

Nakumbuka siku moja, mwanangu unayeanza uuguzi, mvua ikimwagika Kisangani tangu alfajiri, mdogo wangu Zaina alikuja kituo cha afya nilikofanya kazi, ameshika kichwa. Alikuwa amejifungua juma lililotangulia, na shangazi alikuwa akimlea nyumbani kwake kwa desturi yetu: madirisha yafungwe, mbabula, lile jiko letu la makaa, iwake chumbani, mzazi asipigwe na baridi.

Mimi, muuguzi mpya, nilikuwa na kitu cha kuringia. Tulikuwa tumeletewa kile kipimo cha kubana kidole, chenye kihisi kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu kwa mwanga mwekundu. Wee! Nilikitembeza kituo kizima. Nikambana Zaina kidole, namba ikatoka nzuri ajabu.

"Yaya," aliniita hivyo kama mkubwa wake, "kichwa inaniuma sana, na roho inachafuka."

"Damu yako iko muzuri kuliko yangu! Ni uchovu tu. Rudi ulale."

Akanitii, maana nilikuwa mkubwa wake. Akarudi kulala katika chumba kilekile. Kichanga alikuwa na mama yetu barazani, akasalimika. Zaina hakuamka.

Papa Yuma, mkuu wetu, hakunifokea. Alinieleza kwamba makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, nayo hukaa kwenye damu mahali pa hewa, na kihisi kile hakiwezi kuzitofautisha. Kisha akasema, "Bon. Kidole uliuliza. Mutu mwenyewe, ulimuuliza analala wapi?"

Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka pamoja nami. Nina hamu na mdogo wangu hadi leo, jamani, hata utani wake uliokuwa ukinikera. Binti yake ana kicheko kilekile; akicheka sana, mimi hutoka nje kidogo.

Siku hizi vihisi vimejaa: saa ya mkononi inahesabu mapigo ya moyo, mashine ya kiwandani inajipima joto. Vitumie, sisemi uvitupe. Nimeona vikiokoa wengi. Lakini kihisi hujibu swali lake moja tu. Mengine ni yako. Keti, umuulize mgonjwa amelala wapi, amekula nini, nani anamtunza. Kuuliza si ujinga. Na akikwambia anaumwa, namba ikikataa, mwamini yeye.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio lenye subira, mwanangu, na kila utakayemwambia "rudi nyumbani", akujalie umwone tena.