Machozi ya Farmasi

Nikianza kukata kitunguu jikoni kwangu, hapa mtaani Mutakura, harufu hunifikia kabla kisu hakijagusa ubao, na machozi hufuata bila kuitwa. Mama huketi mlangoni kwenye kigoda chake akinicheka. Yeye angeweza kumaliza gunia zima na uso ukabaki mkavu kama sahani iliyopanguswa. Mimi si mtu wa kulia ovyo. Ndugu zangu husema nina roho ya barafu, na sijawahi kubishana nao. Lakini vitunguu vinaniweza, na kila vinaponiweza nakumbuka Buyenzi, mwaka aliokufa Bibi.

Tulikaa ua mmoja na Bibi, mama yake Baba, katika mtaa ambao asubuhi huamshwa na adhana na baada ya hapo na nyundo za mafundi magari. Penye harusi au Maulidi, Mama aliitwa. Aliwekewa mkeka, kisu na gunia la vitunguu. Wenzake walikata huku wakijifuta kwa pembe za kanga na kuvitukana vitunguu, yeye akiendelea tu kusimulia habari za watu. Walisema ana kipaji. Sharti lake lilikuwa moja, asiitwe kabla ya adhuhuri. Wengi walidhani ni maringo ya mkata vitunguu mashuhuri. Hawakujua kwamba asubuhi vidole vyake vilikuwa vimevimba na kukaza kwenye maungio, na havikulegea mpaka jua lipande.

Hata hicho walichokiita kipaji kilikuwa ugonjwa. Mama aliamka kope zimegandana, na zikifunguka alisema macho yamejaa mchanga wa Kajaga. Kajaga ndiko tulikokwenda siku ya Idi kula samaki kando ya ziwa, upepo ukamtesa hata akajifunika kanga kichwa kizima, tukawa tunampitishia vipande vya samaki kwa chini. Kila jirani alikuwa na dawa yake. Mmoja alileta majani ya chai yaliyopoa, mwingine akamshauri atie maziwa ya mama anayenyonyesha, na wa tatu akaleta asali, ambayo ilimrusha Mama kutoka kitandani mpaka uani. Mwenye asali alisema hiyo ndiyo dalili ya kwamba dawa inafanya kazi.

Kilichomsaidia kidogo kilitoka mikononi mwa Bibi. Akishaswali alfajiri, Bibi alibandika birika kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akakunja kipande cha kanga kuukuu na kukilaza juu ya kifuniko. Kikipata moto alikijaribu kwanza kwenye shavu lake mwenyewe, kisha akamwekea Mama machoni na kukaa naye. Baadaye alikiondoa na kusema, kila siku maneno yale yale, "Haya, fungua duka." Mama alifungua macho, akacheka, siku ikaanza. Niliona wakwe wengi mtaani kwetu, na sikuona mwingine wa namna hiyo.

Hatimaye Baba alimpeleka Mama kwa daktari mjini. Daktari alizungumza Kifaransa. Kwa jinsi Baba alivyotusimulia, alisema askari wa mwili wa Mama wamegeuka kuipiga nyumba wanayoilinda; wameshambulia maungio, na wameshambulia visima vya machozi pia. Ugonjwa huo hauondoki upesi, mtu hujifunza kuishi nao. Alimwandikia vidonge kwa ajili ya maungio na matone kwa ajili ya macho, akamwambia akae mbali na moshi na avae lineti, yaani miwani, penye upepo. Aliyetafsiri alikuwa muuguzi, binti wa milimani ambaye Kiswahili alikiokota mjini neno kwa neno. Alipofika kwenye jina la tatizo, alimtazama Mama kwa huruma akamwambia, "Mama, uko na macho makavu."

Ninyi mnaojua Kiswahili mnajua kwamba hilo ni tusi. Mwenye macho makavu ni mtu asiye na haya. Mama alirudi akicheka njia nzima, Baba akatusimulia uani kwamba miaka yote hiyo alidhani ameoa mwenye haya, kumbe ilitakiwa mashine ya daktari kumfumbua macho. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akasema ugonjwa huo ungekuwa wa kuambukiza, nusu ya Buyenzi ingekuwa imelazwa.

Chupa ya matone ilikuwa ndogo kama kidole gumba. Nilikuwa nimeanza kusoma Kifaransa shuleni, nikajivunia kuwasomea maandishi yake: machozi ya bandia. Mimi nikayaita machozi ya farmasi, na jina likashika. Vidole vya Mama havikuweza kuiminya chupa, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Alilaza kichwa mapajani mwangu, nikamtilia tone moja jicho hili na moja lile. Mara nyingi tone lilizidi, likateremka shavuni, na mpita njia angedhani amepokea habari mbaya. Tulichekea hilo pia.

Hakucheka pamoja nasi Shangazi Zaituni, kwa sababu hakuwapo. Huyu alikuwa binti mkubwa wa Bibi, aliyeolewa upande wa Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, ambako mumewe alilinda ghala. Alikuja Ijumaa tu, mchana, akakuta kila kitu kimeshasemwa, na hakuna aliyemsimulia upya. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake kwa wivu, na ilimuuma kwamba aliyemlisha na kumwogesha mama yake kila siku alikuwa mke wa kaka yake. Bibi alipoanza kulala siku nzima, Ijumaa moja aliwaambia Baba na Shangazi, mimi nikisikia, kwamba siku ikifika, Mama awe miongoni mwa watakaomwosha. Shangazi alisema inshallah. Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliacha ungo mapajani akatazama pembeni. Naamini hakuna kitu alichopewa katika ndoa yake alichokithamini kama kile.

Bibi alifariki asubuhi. Kabla ya adhuhuri nyumba ilikuwa imejaa wanawake na moshi wa ubani. Baba alikuwa nje na wanaume, wakihangaikia kaburi. Tulifundishwa kwamba kupiga mayowe si ruhusa ila machozi hayana ubaya, na kwa kuwa hayana ubaya, mtaani kwetu yaliangaliwa sana. Mashavu ya Shangazi yaling'aa. Mama aliketi ukutani, macho mekundu, wazi, bila tone. Minong'ono ilianza kwenye mikeka ya nyuma na kusogea mbele. Majirani walijua macho yake humsumbua, si kwamba yameishiwa machozi; hata wale waliomsifu juu ya gunia la vitunguu walimtazama sasa kwa jicho jingine.

Mama aliisikia minong'ono ile, akataka kueleza. Maneno aliyokuwa nayo ni yale tu aliyopewa na muuguzi.

"Wifi, muganga alisema mi niko na macho makavu."

Shangazi hakupandisha sauti.

"Hayo tunayaona, Mama Hadija. Hatukuhitaji muganga."

Akawageukia wenzake akasema mwenye macho haambiwi tazama, kisha akaanza kutaja watakaoosha, akikunja kidole kwa kila jina.

Hadija ni mimi. Nilikuwa nyuma ya Mama, na chupa ilikuwa mkononi mwangu, kwa sababu saa ya matone ilikuwa imepita. Moshi ulikuwa unamchoma. Nilimwona akipepesa kope kama mtu anayeendesha baiskeli kwenye vumbi. Nikamnong'oneza kwamba machozi yake haya hapa. Hakuna aliyesikia. Alikiangalia kiganja changu kwa muda mrefu, Shangazi akiwa bado na vidole viwili havijakunjwa. Kisha Mama akanifumba mkono.

"Apana, mutoto wangu. Weka mu sakoshi."

Nikaiweka kwenye mkoba. Majina yakaisha. Waliotajwa waliingia chumba cha ndani, mlango ukafungwa, Mama akabaki upande wetu. Tulisikia maji yakimiminwa. Aliutazama mlango ule mpaka maji yalipokoma, na siku nzima hakuomba tone. Mimi nilinuna. Kwa akili yangu, dawa ilikuwepo, mgonjwa alikuwepo, na mwenye kuitia alikuwepo, basi ukaidi ule ulikuwa wa nini?

Shangazi alilala kwetu kwa ajili ya matanga. Alfajiri ya kesho yake niliamshwa na mkwaruzo. Mama alikuwa anapapasa ukuta, kope zimegandana, akitafuta njia ya kwenda uani. Alifika kwenye mbabula iliyopoa, akaketi mahali pa Bibi, akalipapasa birika mpaka akakipata kile kipande cha kanga, akakikumbatia. Hapo ndipo alipolia. Sijui niwaelezeje. Mabega yalitikisika, koo lilitoa sauti kama pampu ya kisima kilichokauka, uso wote ulikunjamana, na hakuna kilichotoka. Nilisimama tu. Nilihuzunika kuliko nilivyohuzunika wakati wa mazishi.

Shangazi naye alikuwa amesimama, kopo la maji ya udhu mkononi. Alimtazama Mama mpaka adhana ikaisha. Akaweka kopo chini, akamwendea, akampangusa shavu kwa upindo wa kanga yake, halafu akaugeuza ule upindo kuuangalia. Ulikuwa mkavu. Akaniuliza kwa sauti ndogo hali hii ina muda gani, nikamweleza yote: visima, askari, chupa, na muuguzi wa milimani. Nilipofika kwenye birika na kifuniko, hakungoja nimalize. Aliwasha makaa.

Kitambaa kilipopata moto, alikijaribu kwenye shavu lake mwenyewe, bila kufundishwa, akakilaza machoni mwa Mama na kukishikilia.

"Kile nilikunyima jana, wifi, siwezi kukirudisha."

"Najua," Mama akasema chini ya kitambaa.

Hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Kisha Shangazi, ambaye utotoni aliamshwa kwa maneno hayo hayo, akasema, "Haya, fungua duka," na Mama akafungua.

Kwa siku zote za matanga Shangazi ndiye aliyepasha kitambaa. Baadaye, kila alipokuja Ijumaa, aliingia jikoni kabla ya kuvua viatu vizuri. Mpaka leo, amezeeka na miguu imemkataa, humsalimia Mama kwa simu kwa kumwita mwenye macho makavu, na wote wawili hucheka kwa namna ambayo watoto wetu hawaielewi.

Mimi nilielewa nusu yake tu. Kuhusu chupa, nilikua nikiamini kwamba Mama aliona haya kutiwa dawa mbele za watu, au kwamba msiba ulimsahaulisha. Mtu akiwa na roho ya barafu hachimbui sana. Juzi tu, nikikata vitunguu huku mashavu yamelowa, ndipo nilipomuuliza.

Mama aliilaza mikono yake iliyopinda mapajani.

"Tone moja tu, wangeniamini, ningeingia kule ndani. Lakini Bibi yako alikuwa anajua macho yangu. Ningemuosha na uongo ku uso?"

Nikaacha kisu. Kumbe mtoto mwenye chupa alikuwa amempa Mama ufunguo wa mlango ule, na Mama aliujua kuwa ni ufunguo, akaukataa. Yeye akasema saa ya matone imefika na macho yanawaka. Nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akalaza kichwa mapajani mwangu, nikamtilia. Tone likazidi, likateremka shavuni.

Jirani aliyekuwa akipita na ndoo alituona wote wawili tumelowa uso, akasimama, akauliza kuna msiba gani.

"Msiba ulikuwa zamani," Mama akamjibu. "Haya machozi si yake."